Mkate wa mzimu ulioota chumvi kule horini, Mbegani

Wakuu, heshima kwenu. Wadogo zangu, marahaba kabla hamjaniamkia.

Kisa hiki kina chumvi nyingi, ila hakuna punje niliyoongeza mimi. Wa kubisha abishe, lakini asome kwanza hadi mwisho.

Ni miaka ile ya sitini, baada ya Uhuru. Upande wetu wa Mbegani serikali ilijenga plant ndogo ya majaribio, ya kuchemsha maji ya bahari ili wananchi wapate ya kunywa. Mimi kazi yangu ilikuwa kufungua na kufunga koki.

Maji matamu yalikwenda bombani. Yaliyobaki, ya moto na chumvi tupu, tuliyaita maji makali. Hayo tuliyamwaga kwa mtaro hadi kwenye hori, ule mkono wa bahari unaoingia ndani ya mikoko.

Na humo ndimo ulimokuwa mzimu wetu.

(Najua kuna watakaosema ni shirki. Mama yangu aliswali swala tano, na mzimuni alikwenda. Tuendelee.)

Ada ilikuwa hivi. Mwanamke mwenye mimba kubwa anapeleka mkate wa kumimina na yai la kuchemsha, anaweka kisahani juu ya mizizi ya mkoko mkubwa, anaondoka bila kugeuka nyuma. Kesho yake anarudi. Akikuta vimeliwa, mzimu umepokea, mtoto atafika salama.

Hakuna aliyekuwa mjinga, wakuu. Tulijua wanaokula ni kaa na kenge. Lakini kwetu sisi kaa wale ndio waliokuwa mikono ya mzimu.

Dada yangu Mwanaidi alishazika watoto wachanga kabla hawajapewa majina. Mimba hii ilipokua akapeleka ada, na kesho yake akaniomba nimsindikize kutazama.

Ilikuwa mchana, jua la utosi. Kilichonishtua kwanza ni ukimya. Horini matope huwa yanatatarika, kaa wanakimbilia mashimoni. Siku hiyo hapakuwa na kaa, ndege wala nzi. Mizizi ya mikoko ilikuwa myeupe kama imepakwa majivu.

Mkate ulikuwa palepale, mzima, umeota chumvi juu. Yai nalo halijaguswa.

Mwanaidi hakulia. Alirudi nyumbani akaacha kula. Mama alimbembeleza kwa uji, kwa chai, hata kwa samaki wa kupaka anaompenda. Jibu lilikuwa moja.

"Mwenyewe kakataa kula, mama. Mie nile nini?"

Siku zikapita, tumbo linakua, yeye anakwisha. Niliogopa kweli. Tungezika wawili.

Nikaenda kwa msimamizi wetu wa plant, Mkristo kutoka Upareni, nikamweleza habari ya mkate, nikitegemea atanicheka. Hakucheka. Alivua viatu, tukaingia horini. Akachovya kidole, akaonja, akatema. Akasimama muda mrefu anasikiliza.

"Hili tumelifanya sisi," akasema.

Kuanzia hapo tukabadilisha system. Sehemu ya maji makali tukairudisha kwenye mtambo, ichanganywe na ya bahari na kuchemshwa tena, ili ya kumwaga yapungue. Kilichobaki tukakichimbia mtaro mpya hadi kwenye mashamba ya chumvi yaliyoachwa, kikauke juani. Mabomba yakawa yanaota gamba la chumvi, tunayakwangua kwa patasi hadi mikono inachubuka. Lakini horini halikuingia tena hata tone.

Tatizo, kaa hawarudi kwa amri ya serikali. Nilikuwa napita kila siku, sioni hata shimo moja.

Mwanaidi akasema anapeleka ada tena. Nilimsihi asubiri, akakataa, jioni akapeleka.

Basi nikapanga nimtangulie. Asubuhi yake kulipopambazuka nilikwenda peke yangu, niuchukue ule mkate nikautupe mbali, akija akute kisahani kitupu.

Nikakikuta kitupu.

Safi, kama kimelambwa. Hata ganda la yai halikuwepo. Nikatazama matope pande zote. Yalikuwa laini, hayana alama ya kaa, ya kenge, wala ya mtu mwingine. Nyayo zilikuwa zangu za kuja, na za Mwanaidi za jana tu.

Sikugeuka nyuma hadi nyumbani.

Mwanaidi alipokwenda kuona, alirudi anacheka, akaomba uji, akamaliza sufuria. Mtoto alizaliwa mzima. Ndiye mpwa wangu huyu aliyenifungulia hii account. Kaa wa kwanza nilimwona horini wakati yeye anajifunza kutambaa.

Nilichojifunza: kabla hujamwaga chochote, usiulize tu kitaishia wapi. Uliza nani anakula pale.

Haya wajuzi, uwanja wenu, na wenyeji wa Mbegani msinyamaze. Mimi nilikwenda kuiba mkate wa mzimu, nikakuta nimewahiwa. Na nani?