Bi Kalamu na Kichochoro cha Mwisho

Asubuhi ile ya mwisho Bi Kalamu alikaa kwenye kigoda, mguu mmoja una kiatu, mwingine unasubiri. Mumewe, fundi viatu, alikuwa anagongelea soli ya tatu mwaka ule.

"Mke wangu, wewe unatembea au unasugua barabara?"

"Gonga, fundi. Mteja ana haraka."

"Mteja huyu ana kelele kuliko wote."

"Ndiyo maana ulimwoa."

Akavaa, akachomeka kalamu kwenye nywele, akatia rejesta kwenye mfuko wa nailoni. Kulikuwa hakujapambazuka sawasawa.

"Nibakizie chai," akasema, akatoka.

Jina la Bi Kalamu alipewa kazini. Miaka thelathini na moja alikuwa karani wa takwimu katika ofisi ya mkoa, chumba cha mwisho kwenye korido, chenye kabati la chuma lisilofunguka mpaka lipigwe teke. Kazi yake ilikuwa kujua watu wako wapi, ili fedha za maendeleo ziende waliko watu, si waliko wenye midomo mipana. Hata siku alipoonana na fundi mara ya kwanza, alikuja kibandani kisigino kimeng'oka, na kabla hajakaa akauliza wateja hutoka mitaa gani. Fundi akadhani ni mpelelezi. Mwaka uliofuata wakaoana. Alijaribu kumfundisha kusoma. Fundi akamwambia macho yake yamezoea ngozi. Hakumlazimisha.

Mwaka ule baraza la mkoa lilikuwa na zahanati moja tu ya kujenga. Kwenye karatasi, mtaa wa machimbo ya kokoto ulikuwa na watu mia nne, basi zahanati ikawa inaelekea sokoni, ambako tayari zipo mbili. Bi Kalamu akatia shaka, akaenda kujionea. Kumbe wahesabu watu walipita saa nne asubuhi, wagonga kokoto wako shimoni tangu alfajiri. Kila mlango wenye kufuli wakauandika: nyumba tupu.

"Takwimu zimeshapita," mkuu wake alimwambia. "Labda ulete nyingine. Watu elfu moja, kabla ya kikao cha Alhamisi. Akipungua mmoja, usinisumbue."

Ndipo soli zikaanza kuisha. Kila alfajiri alipita mlango kwa mlango, kisha akaenda kazini. Mpaka asubuhi ile alikuwa na watu mia tisa hamsini na wanane, amebakiza kichochoro kimoja cha nyumba kumi na mbili.

Hakukifikia. Moyo ulimsimama njiani. Wagonga kokoto walimlaza kwenye mkokoteni, wakausukuma mbio mpaka sokoni. Ni mbali. Chai ilipoa.

Walimzika Jumapili. Jumanne akaja msichana wa masjala, aliyefanya naye kazi, na rejesta mkononi.

"Baba, tumepungukiwa watu arobaini na wawili. Mimi naona tuandike hamsini, tufunge. Nani atajua?"

Fundi alimtazama. "Yeye angejua."

"Lakini yeye..."

"Nipe hiyo rejesta."

Jumatano, kabla ya jua, alikuwa anavaa viatu. Dada yake akasimama mlangoni.

"Kaka, msiba bado mbichi! Unakwenda wapi?"

"Kazini."

"Kazi gani? Hujui hata a!"

"Najua mstari."

Hilo alilijua kweli. Mtu mzima, mstari mrefu. Mtoto, mfupi. Na swali alikuwa amelisikia mezani mpaka limemkaa kichwani: wangapi walilala hapa jana?

"Babu, umekuja kushona viatu au kutuhesabu?" akamtania mwanamke mmoja aliyekuwa anafagia.

"Kuhesabu. Lakini hizo kandambili zako zinatia huruma."

Milango kumi na moja ikaisha. Fundi huhesabu kwa jozi: alikuwa na jozi kumi na nane na kiatu kimoja. Zilitakiwa ishirini na moja. Mlango wa kumi na mbili ulikuwa na kufuli.

Akalitazama. Magoti yalikuwa yanamuuma. Akakaa kizingitini. Jua likapanda, wagonga kokoto waliochelewa wakapita wakimsalimia. Alipotaka kuinuka, akasikia kikohozi. Kufuli nje, kikohozi ndani.

Mwenye nyumba akatokea na rungu na koti zito, macho mekundu. Alikuwa mlinzi wa ghala.

"Shikamoo mzee. Kuna nini?"

"Marahaba. Mbona umewafungia?"

"Wezi. Nikiwa lindoni nafunga kwa nje. Mke wangu ana ufunguo wake, humpitishia jirani dirishani akitaka kutoka."

Akafungua. Ndani mlikuwa na mkewe, mama yake na watoto wanne. Fundi akachora mistari sita, mkono haujaondoka kwenye karatasi.

"Na wewe?"

"Mimi sikulala hapa, mzee. Nilikuwa kazini."

"Mke wangu alisema mlinzi huhesabiwa anapolaza kichwa, si anapolinda." Akachora wa saba. Jozi ishirini na mbili kamili. Watu elfu moja na wawili.

Alhamisi alikaa kiti cha nyuma ukumbini, kofia magotini. Mkuu aliishika rejesta kwa vidole viwili.

"Mistari hii kachora nani?"

"Mimi."

"Una elimu gani, mzee?"

"Ya viatu."

Watu wakacheka. Fundi hakucheka. Alisimama.

"Kesho saa kumi na moja alfajiri twende wote, mkuu. Ukikuta nimezidisha hata mtoto mmoja, jengeni sokoni."

Mwenyekiti wa baraza akakubali, akaenda mwenyewe na madiwani wawili. Ijumaa mchana kikao kikarudi. Hesabu ya kichochoro ilikuwa vilevile. Mikono ikanyooshwa: zahanati iende machimboni. Katibu akauliza aandike sababu gani kwenye muhtasari. Mkuu akakohoa, akasema lipo neno aliloambiwa na Bi Kalamu ofisini, akalipuuza; hakumbuki lilivyokwenda.

Fundi alilikumbuka. Mkewe alilirudia nyumbani jioni ya siku alipoambiwa alete watu elfu, bado ana hasira, kiatu mkononi. Akamtajia katibu polepole, aandike bila kupunguza:

"Kufuli haliugui homa, mkuu. Anayeugua yuko nyuma yake, na mimi sijamhesabu bado."