Mama Subiri na Nyama ya Moshi

“Hiyo nyama unaipika au unailea?”

Siku moja jirani yetu, fundi cherehani, alimwuliza wifi yangu hivyo, njaa imembana, sahani mkononi. Wifi hakuinua macho.

“Kama una haraka kanywe maji. Ikiiva utaniona nacheka.”

Ndiyo maana walimwita Mama Subiri. Alipika nyama ya porini kwenye kibanda nyuma ya karakana ya mbao, akiletewa na mwindaji mwenye kibali. Nyama ya ngiri hakuifanyia mzaha. Aliichemsha mpaka iachie mfupa, akapasua pande nene katikati, na akiona wekundu anarudisha sufuriani. Kisu cha nyama mbichi alikifunga uzi wa kukitambulisha, na hakikugusa kabichi hata siku moja. Miaka kumi na tisa hakuna mteja aliyeumwa tumbo kwa mkono wake.

Mvua zilipoharibu njia, mwindaji akaanza kuleta nyama ya ngiri iliyokaushwa kwa moshi huko huko porini. Ilikuwa ya kahawia, ngumu, inanukia vizuri. Hiyo nayo wifi aliichemsha, lakini ili ilainike tu. Aliamini moshi umeshaiivisha.

Basi akiwa anaikata, kabla haijaingia sufuriani, mama yake, yaani mama mkwe wangu, huja na kigoda chake akakaa karibu.

“Nikatie hapo pembeni, mwanangu. Meno yameniaga, ulimi bado uko kazini.”

Wifi humkatia vipande vyembamba kama karatasi, akamlisha kwa mkono wake, wote wawili wanacheka. Wateja walisubiri. Mama hakusubirishwa.

Wiki ya pili tangu aanze kuionja, mama akaamka macho yamevimba. Tukasema ni mafua. Ikaja homa, kisha misuli ikamuuma hata kikombe akashindwa kukiinua. Hospitalini daktari akauliza amekula nini, wifi akajibu mwenyewe, taratibu. Daktari hakumkaripia. Alisema moshi huikausha nyama, hauiivishi. Ndani mna minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, nayo haifi mpaka nyama iive hadi katikati. Sasa imeshaingia mwilini, na moyo nao umevimba. Dawa anapewa, ila tumechelewa kumleta.

Wifi amefunga kibanda. Anakaa kando ya kitanda, mikono kaificha kwapani. Mama hajui kitu. Jana, pumzi zikimkatika, alimwambia, “Nikitoka hapa unikatie tena ile.”

“Sawa, mama,” wifi akasema, akatoka nje.

Nilimfuata barazani. Nimezoea kusali. Nikamwambia tu kwamba nitawaombea wote wawili.

Akatikisa kichwa.

“Mwombee mama tu, wifi. Mimi niache kwanza.”