Mwanamke Aliyevaa Kitenge Changu Bandani

Jirani yetu Mektrida anasema aliniona nikikamua ng'ombe saa ambayo mimi nilikuwa hospitali Moshi mjini, nimeegemea kiti, dripu inaingia mkononi.

Anaapa kabisa. Rozari ameshika.

Anasema alikuwa anakata majani ya mgomba karibu na ua wa mimea ya masale unaotutenganisha, akachungulia bandani kwetu, akaniona kwa nyuma. Kitenge changu cha kijani. Kilemba changu. Nimekalia kigoda changu.

Akaniita, "Hilda! Umerudi saa ngapi?"

Sikuitika, anasema. Niliinamisha kichwa nikaendelea kukamua.

Siku aliyonisimulia haya nilikuwa kibarazani nasukutua kwa maji ya chumvi. Dawa zilikuwa zimenichubua mdomo mpaka ndizi ya kuchemsha inawasha kama pilipili.

"Mae! Mtoto wa watu unakuwa sehemu mbili kama malaika?" akasema.

Nikatema maji. "Shikamoo mama. Sikuwa mimi."

"Marahaba." Halafu akasema lile ambalo nadhani ndilo lililomleta. "Basi kama siyo wewe, kaletwa mwanamke. Na ni mwanamke wa haja, mwanangu. Ana mgongo! Siyo wewe ulivyokauka kama kuni ya mbuni."

Akaenda zake.

Mimi sikushtuka. Nilisukutua tena.

Ngoja niwaeleze vizuri.

Shule nimeishia la saba. Nimeolewa huku juu kidogo ya Mkuu, Rombo. Mume wangu Tito anafanya biashara ya parachichi Tarakea, wiki nzima hayupo, Jumamosi ndiyo anarudi. Mama mkwe alishafariki. Nyumbani tumebaki mimi na baba mkwe, mzee Remigius.

Mzee Remigius ni wale wazee wenyewe. Suruali ina mkunjo hata akienda kupalilia kahawa. Mke wa mwanawe kwake ni mtu wa kukaa naye mbali. Nikimpa kikombe naweka mezani, narudi nyuma, ndipo anachukua. Akitaka kitu anauambia ukuta.

"Humu ndani leo chumvi imeisha?"

Ukuta haujibu. Mimi ndiye naleta chumvi.

Sasa kwetu, mwanamke wa nyumba ndiye mwenye ng'ombe. Anakata majani yeye, anakamua yeye, nani apewe maziwa anaamua yeye. Mwanaume mzima akishika kiwele atachekwa kila kilabu cha mbege. Siku mama mkwe aliponikabidhi kigoda cha kukamulia ndipo nilipojua nimeolewa kweli. Harusi ilikuwa picha tu.

Halafu uvimbe ukaja. Titi la kushoto. Daktari akasema kansa.

Nikaanza dripu. Nywele nilizinyoa mwenyewe kabla hazijadondoka, sikutaka kuziokota kwenye mto. Kucha zikawa nyeusi. Vidole vikaingia ganzi, nikishika sufuria ya moto najua kwa harufu ya ngozi.

Na ganzi yenyewe haikuishia vidoleni. Watu walikuja na pole, na mtori wa ndizi, na sala. Nilisema asante. Ndani kimya.

Kukamua sikuacha. Nitaachaje? Mpaka siku moja nilimbana Kisura, ng'ombe wetu, wala sijui kama nambana. Akanirushia teke. Ndoo kule, mimi kwenye mavi.

Nilipomsimulia nesi, alifoka.

"Dada, kinga yako iko chini, unagaagaa kwenye mavi ya ng'ombe? Fagia kidogo, chambua maharage, tembeatembea, usilale kutwa. Ng'ombe achana naye!"

Tito, ambaye siku hiyo alinisindikiza, akaitikia, "Umesikia? Kisura atakamuliwa."

"Na nani?"

"Atakamuliwa tu. Wewe pona kwanza."

Tangu hapo maziwa nayakuta mlangoni asubuhi, kwenye jagi, yamefunikwa na sahani. Nikienda dripu nalala Rau, hapo hapo Moshi, kwa mama mdogo, nikirudi nakuta banda limefagiliwa. Kitenge changu cha kukamulia nakikuta kimefuliwa, kimekunjwa, ila kwa mkunjo usio wangu.

Nilikuwa nayaona yote hayo. Sikusema kitu. Sasa Mektrida akawa amenisemea.

Jumamosi Tito aliporudi, nilimpelekea maji ya kunawa miguu.

"Tito, kuna mwanamke humu?"

"Mwanamke gani?"

"Anayemkamua Kisura."

Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akatupa jicho chumbani kwa baba yake.

"Hilda, hilo usiniulize. Niliahidi."

Nikaelewa. Kumbe mzee ndiye aliyemtafutia mke mwingine. Bila shaka aliwaza: mke wa mwanangu anakufa, nyumba haiwezi kukaa hivi.

"Kula mtori, unapoa," Tito akasema.

Nikala. Mdomoni ladha ya chuma tupu. Nilikuwa najiuliza jambo moja: mwenye kigoda mpya akishazoea, mwenye kigoda wa zamani anaambiwa saa ngapi aondoke? Nikaosha vyombo. Hiyo kazi bado ilikuwa yangu.

Dripu iliyofuata walinipima, damu iko chini. Nesi akaniambia, "Leo hatukupi dawa. Nenda nyumbani, kula mboga za majani na maini, uje wiki ijayo."

Rau sikwenda. Nikapanda gari la Rombo siku ileile, nikashuka jioni, wakati wa kukamua. Ndani sikuingia. Nilipita migombani taratibu, napumzika kila nikichoka, mpaka bandani.

Alikuwepo.

Kitenge changu. Kilemba changu. Na kweli, Mektrida hakusema uongo, mgongo alikuwa nao. Alikuwa anaimba wimbo wa kwaya ninaomwimbia Kisura, kwa sauti ya chini, amepotea tuni kabisa.

Nikapiga hodi. Kwenye banda langu mwenyewe.

Mikono ikasimama. Kichwa hakikugeuka.

"Dada, naomba nikuone sura tu," nikasema. "Sina ugomvi."

Akageuka.

Masharubu meupe.

Baba mkwe wangu! Mzee Remigius mwenyewe, kitenge amekifunga juu ya suruali ya mkunjo, kilemba kimemshuka mpaka kwenye nyusi.

"Usinitazame," akasema.

Nikatazama migomba.

"Ng'ombe huyu alikataa." Hapakuwa na ukuta pale. Aliniambia mimi. "Tito alipigwa teke. Nami nikaja na nguo zangu, akayabana maziwa. Nikavaa hizi, akashusha. Ananusa. Anakutaka wewe."

"Mbona hamkuniambia, baba?"

"Nikwambie nini? Kwamba baba mkwe wako anavaa nguo zako?"

Kisura akapiga mkia.

"Si mngetafuta mtu wa kukamua," nikasema.

"Walikuja. Mektrida alimleta binti wa dada yake. Nikamfukuza." Akashika kiwele tena. "Mwanamke akikalia hapa hanyanyuki. Leo kigoda, kesho jiko. Wewe ukirudi utakaa wapi?"

Nikaegemea nguzo ya banda.

"Mama Mektrida amekuona," nikasema baadaye. "Anasema ni mwanamke wa haja."

Mabega yakamtikisika. Sijui alicheka, sijui alikohoa.

"Huyo mama atafute miwani," akasema.

Nilitaka kulia. Machozi hayakuja. Nikakaa kwenye rundo la majani makavu pale mlangoni, nikasikiliza maziwa yanavyogonga ndoo.

Nawaandikia nyie wenye mgonjwa nyumbani. Mkimpumzisha kazi, mwambieni nani ameishika, hata kama ni aibu. Kusukutua na kunywa maji nilifundishwa na nesi, nikaweza. Kulala kila siku sijui kama bado nina kwangu, hilo hakuna aliyenifundisha. Dawa ilinitapisha, ikapita. Lile la kutojua ndilo lililonikausha. Na wagonjwa wenzangu, ulizeni mapema. Mimi nilikaa natazama mikunjo ya nguo, wakati ningeweza kwenda bandani siku ya kwanza.

Jioni ile alipomaliza kukamua, nilimwomba baba kitu kimoja.

"Baba, kuanzia kesho naomba niwe nakaa hapa mlangoni, mbali na mavi. Wewe ukamue. Kuimba niimbe mimi."

Akafunika ndoo. Akaifuta ukingo kwa kiganja. Akapita mbele yangu, akaelekea nyumbani, akasema bila kugeuka, "Kesho usichelewe."