Bundi wa Barazani kwa Stidham

Kila alfajiri, mvua inyeshe au theluji ianguke, Verlon Stidham alitoka barazani na kikombe cha kahawa, akavua kofia, akalia kama bundi. Kisha alinyamaza, mdomo wazi kidogo, akiusikiliza mlima. Dume la bata mzinga wa porini, akiwa bado juu ya mti alikolala, hawezi kumvumilia bundi. Atamkaripia hata kama hakupanga kufungua kinywa. Hivyo ndivyo Verlon alivyojua nani amelala wapi. Kahawa hakuigusa mpaka asikie jibu. Hata asubuhi ya kumzika mkewe alitoka akalia vilevile, na waombolezaji waliokuwa jikoni wakatazamana.

Alipokuwa mtoto, milima ile ya kusini mwa Missouri haikuwa na bata mzinga hata mmoja. Wazee walikuwa wamewamaliza, na misitu wakaifyeka. Alipofika miaka kumi na tisa, watu wa wanyamapori walileta ndege kumi na wawili ndani ya maboksi, wakamwomba awasaidie kuwapandisha mlimani na kuwaachia. Boksi moja alilikumbatia kifuani njia nzima, akihisi moyo wa ndege ukidunda upande wa pili. Delphia, binti yake, alikua na hadithi hiyo kama watoto wengine wanavyokua na nyimbo. Na alipokuwa msichana, kulikuwa na asubuhi za Aprili ambapo madume tisa walimjibu baba yake kwa pamoja, mlima mzima ukawa kama soko.

Bunduki na msumeno wa mashine vilimla Verlon masikio. Delphia, mwalimu wa darasa la pili, aliporudi kuishi naye baada ya ndoa yake kuvunjika, akawa sikio lake.

"Wamejibu?"

"Wawili, Baba. Mmoja ng'ambo ya kijito."

Mwaka uliofuata alibaki mmoja. Mwaka wa tatu, hakuna.

Dukani, wanaume walikaa kuzunguka jiko la kuni wakitafuta wa kulaumiwa. Truett, kaka wa marehemu mama yake Delphia, alikuwa na jibu lake tayari.

"Ni rakuni, shemeji. Zamani tuliwatega kwa ajili ya ngozi. Leo nani anataka ngozi? Wamejaa kama panya, wanafyonza mayai yote."

"Na trekta lako je?" Verlon alimrukia. "Unakata majani Mei, jike bado amelalia mle ndani. Unamsaga na mayai yake."

"Sasa ng'ombe wangu wale nini? Nyimbo zako za bundi?"

Watu wakaangua kicheko. Katika kelele zile Verlon hakuyapata maneno, akamgeukia Delphia aliyesimama kando yake.

"Kasema nini huyu mjomba wako?"

"Kasema unaimba vizuri, Baba."

"Muongo mkubwa," Verlon akasema, akionekana ameridhika kidogo.

Majira ya baridi yaliyofuata moyo wake ulichoka. Daktari alimpa vidonge, naye akawa anasukuma sahani mbali. Asubuhi moja ya Machi alitoka barazani na blanketi mabegani, akalia, akamgeukia Delphia. Mlima ulikuwa kimya kabisa. Delphia aliutazama uso ule uliokonda, unaomsubiri.

"Amejibu, Baba."

"Wapi?"

Hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. "Juu kule. Kwenye mialoni ya Cutshall."

Verlon aliutazama mlima, upande wa ardhi ya jirani yao Cutshall. Halafu akanywa kahawa yake, akaingia ndani, akala mayai mawili na mikate ya moto iliyomwagiwa mchuzi mweupe wa soseji.

Kesho yake Delphia alidanganya tena, na keshokutwa. Wiki tano dume lile lisilokuwapo lilijibu kutoka mialoni ya Cutshall, na baba yake akala.

Jumatatu msimu wa kuwinda ulipofunguliwa, Delphia alimkuta baba yake amevaa, bunduki mezani, kijisanduku cha kuigia sauti ya jike mfukoni.

"Nikusindikize?"

"Wewe nenda kafundishe. Ukija utakohoa tu, unifukuzie mgeni wangu."

Delphia alimwacha aende. Alijua wawindaji hurudi mikono mitupu siku nyingi kuliko wanavyorudi na ndege, na kila mmoja ana kisingizio chake. Baba naye angerudi na chake. Sheria iliwataka waache saa saba mchana. Lakini Delphia aliporudi kutoka shuleni saa tisa, mvua ya baridi ikinyesha, gari la baba yake lilikuwa bado chini ya njia ya Cutshall.

Alipanda mlima mbio akiwa na viatu vyake vya shuleni. Kule juu alisimama. Mialoni haikuwepo. Cutshall alikuwa ameiuza yote wakati wa baridi; vilibaki visiki na matope yaliyochimbuliwa na magurudumu. Hapakuwa na tawi ambalo ndege angelalia. Verlon alikuwa ameegemea kisiki, amelowa chepechepe, bunduki imetolewa risasi, imelala mapajani.

"Mvua imenishika," alisema.

Alimshika mkono wakashuka. Kuhusu miti Verlon hakumuuliza neno, njiani wala nyumbani. Delphia naye alitafuta pa kuanzia, asipate. Usiku homa ilipanda, ikashuka mapafuni. Baba yake alikataa kupelekwa hospitali.

Alfajiri ya siku ya nne aliomba dirisha lifunguliwe. Alilia kama bundi, sauti ikakatika katikati, akaimalizia kwa pumzi tu.

"Amejibu?"

Delphia alikwenda dirishani. Alisikiliza kwa muda mrefu, akitaka kwa moyo wote kusikia. Kulikuwa na maji ya kijito, na mbali, lori.

"Hapana, Baba," alisema. "Kimya."

Alimgeukia. Baba yake alikuwa akimtazama, na uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo. Alifariki mchana ule, na baada ya maneno haya hakusema kitu kingine.

"Haya, mwanangu. Sasa niletee kahawa."