Nakshi Iliyobaki Mlimani

Ipo siku moja nisiyoisahau, mwanangu: nilipeleka vikapu sita sokoni Sumbawanga, nikarudi navyo sita. Nilivihesabu mara mbili, nikidhani pengine kimoja kimenunuliwa bila mimi kujua.

Nilikuwa msichana mjuaji. Bibi yangu ndiye aliyenifundisha kusuka, kwetu Kaengesa, lakini nakshi zake niliziona za kizee. Nikanakili mawaridi yaliyochorwa kwenye chupa ya chai. Mama mmoja wa Chanji, pale pale mjini, alikigeuzageuza kikapu, akacheka.

"Binti, maua haya si ndiyo yale ya chupa yangu? Sasa ninunue ya nini tena?"

"Hiki hakivunjiki, mama."

Ulimi hodari, kikapu kikabaki.

Nyumbani, Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. "Waridi hilo umeliona linaota wapi hapa Ufipa?" Kisha akalainisha sauti. "Kesho asubuhi tupande mlimani, mjukuu wangu. Vituta vipya vimejaa bondeni. Jua likichomoza nitakuonyesha ninakookota nakshi zangu."

Vituta ni vile vya udongo, vya duara, tunavyofukia majani ndani yaoze, tupande maharage, msimu ukigeuka ulezi. Nilikuwa nimevilima mpaka viganja vikaota sugu.

"Bibi, udongo wenyewe nimeushika jana. Niache nilale."

Hakunilazimisha. Alikwenda peke yake. Maharage yale hayajakauka, tukamzika.

Macho hayana pazia, walisema wahenga. Mimi yangu niliyatundikia pazia mwenyewe. Tangu hapo nimepanda mlima ule asubuhi nyingi. Kila kituta upande mmoja jua, upande mmoja kivuli. Nasuka jua, nasuka kivuli, na watu wananunua. Lakini kwenye kikapu alichoniachia Bibi kuna mstari mwembamba unaokatiza duara, nao sijajua aliuona wapi. Siku hizi bonde limepigwa trekta, vituta havipo, limenyooka kama mistari ya daftari. Majuto ni mjukuu, nami ndiye mjukuu mwenyewe.

Basi mwanangu, ukitafuta nakshi ya geti, ya kitenge au ya ukuta wako, simu itazame, sikukatazi. Ila kwanza toka nje. Tazama bati lilivyoshika kutu, ukungu unavyolalia mashamba. Na mzee akikuambia twende nikuonyeshe, vaa viatu. Mungu akujalie macho yasiyo na kiburi, na miguu ya kumfuata anayekuita ungali unamsikia.