Leo nimemnyang'anya karani bomba la kutangazia

Jamani, leo nimemnyang'anya karani wa boma bomba lake la bati mbele ya Bwana DC, na kazi bado ninayo!

Yalikuwa mashindano ya mbio za shule hapa Kilimatinde. Mwanafunzi wangu wa shule ya Mkiwa, Mwajuma, wa miaka kumi na miwili, alianguka mzunguko wa kwanza. Akainuka, akawa wa mwisho.

Karani ndiye aliyekuwa akitangaza.

"Mtazameni kobe wa Mkiwa! Shule yake haioni aibu?"

Uwanja mzima ukacheka. Mtoto akasimama palepale, analia.

Sijui nilifikaje kwa yule karani.

"Mwalimu, anayecheza hadharani husemwa hadharani," akaniambia.

"Mtu mzima, sawa. Huyu ni mtoto. Makosa yake nitamweleza mimi, pembeni."

Nikamnyang'anya bomba. Nikaita, "Mwajuma! Umeanguka, umeinuka. Malizia mbio zako, tunakungoja!"

DC ananikodolea macho. Nikajua nimekwisha.

Halafu mama mmoja akapiga kigelegele, na wengine wakadakia. Mwajuma akafuta machozi, akamaliza mbio peke yake, uwanja mzima ukiliita jina lake. Hata DC alisimama kupiga makofi!

Karani akavua kofia, akamfuata mtoto yeye mwenyewe.

"Nisamehe, mwanangu."

Mwajuma, bado anahema, akamjibu, "Shikamoo." Ndipo akasema amemsamehe.

Haya semeni, nimekosea wapi?