Nimenyoosha mkono chuoni nikiwa na sare ya shule

Hili sijawahi kumwambia mtu: sitaki kuwa nesi. Nataka kusoma uchumi, ule wa biashara ya kimataifa na fedha.

Shida ni Baba. Ameshatangaza mlimani kwetu kote, majirani wananiita Nesi.

Leo baada ya shule nilimfuata dada yangu chuoni anakosoma, Mazimbu. Alikuwa na kipindi, akanikalisha nyuma.

"Usiseme kitu."

(Mimi tena! Hata darasani kwetu huwa sisemi.)

Mwalimu akauliza, "Tulipopunguza ushuru, bidhaa za nje zikashuka bei. Nani aliumia?"

Mkono wangu ukapanda wenyewe, jamani.

"Mama yangu," nikasema. "Analima vitunguu saumu. Vya nje vilipojaa sokoni, vyake vikakosa wateja."

"Kwa hiyo tufunge mipaka?"

"Hapana. Dawa anayopulizia shambani nayo inatoka nje, na ilishuka bei."

Mwalimu akatabasamu. "Wewe ni mwaka wa ngapi?"

"Kidato cha nne. Shikamoo."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko! Nyie mngejificha wapi?

Dada akaninong'oneza, "Kumbe unapenda uchumi? Mwambie Baba leo, kabla hujachagua masomo ya kidato cha tano."

Nyumbani nimemkuta Baba anamenya njegere. Nimemwamkia, nimekaa, nimemwambia.

Akaniuliza, "Huo uchumi, kazi yake nini?"

Nimeuvuta ungo karibu, nikaanza kumenya huku namweleza.